Tulivyokodi Programu kwa Zamu kama Plau

Programu yangu ya kwanza ya kuediti picha niliinunua ikiwa ndani ya sidii, Dodoma, kwa mtu aliyeniapia kwamba nikishalipa sitalipa tena mpaka naingia kaburini. Kwa haki niseme hakunidanganya. Sijalipa tena. Kama yeye mwenyewe aliwahi kumlipa mtu yeyote, hilo silijui, maana namba ya kuifungulia ilikuwa imeandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi ya kufungia maandazi, na nilipomuuliza risiti alicheka kama mtu aliyeulizwa kabila la kuku. Ila nilitoa hela yangu, nikaiita yangu, tukakaa nayo miaka mingi katika fremu yangu hapa Itigi, jirani na stesheni, nikipiga paspoti saizi, vipaimara, harusi na misiba.

Ni programu mvivu, siwezi kuificha. Ukiiambia ing'arishe uso, inawaza kwanza. Unaweza kwenda kununua vocha, ukasalimiana na watu, ukarudi, ukaikuta bado inawaza. Lakini ikishawaza inafanya, na haijawahi kuniuliza mimi ni nani.

Shida ilianza watu walipoanza kuniletea picha za simu mpya. Programu ikawa inazikataa, inaandika kwamba haijui aina ya faili hilo, kama mlinzi wa geti aliyezeeka. Nikawa nawaambia wateja simu zao ni mbovu. Hawakuniamini, na sioni kwa nini wangeniamini.

Ndipo mtani wangu wa Mkiwa akaniingia. Mkiwa ni njia panda, na yeye ana fremu ya picha pale barabarani, karibu na wauza kuku na vitunguu. Tulijifunza kazi kwa fundi mmoja, na makabila yetu ni watani, kwa hiyo hakuna tusi analoweza kunitukana nikamshtaki popote.

"Mtani, bado unatumia ile sidii?" aliniuliza siku hiyo. "Hiyo si programu tena. Hiyo ni urithi. Ukifa wagombanie watoto."

"Yako ikoje?"

"Mimi nalipia kwa mwezi, kama watu wenye akili. Inatoa chunusi, inanyoosha shati, inafuta hata shemeji usiyemtaka kwenye picha. Unagusa tu."

"Na usipolipa?"

"Inafunga."

"Inafunga nini?"

"Inajifunga yenyewe, mtani. Ulitaka ikufunge wewe?"

"Na picha zangu zilizomo ndani?"

"Zinakungoja. Hazili, hazinywi."

Nililiwaza sana jambo hilo. Niliwakumbuka warina asali wa upande wa Rungwa. Mzinga ni wako, umeuchonga mwenyewe, umeupandisha mtini kwa mgongo wako. Lakini kuingia msituni ni kwa kibali, na kibali kina muda wake. Kikiisha, asali yako iko kule na wewe uko huku. Angalau kule nyuki wanakula. Hizi picha zangu zikifungiwa, anakula nani?

Hata hivyo wateja walikuwa wanaondoka. Wiki moja bibi harusi alikuja kunionyesha picha zake alizokwenda kutengenezewa Mkiwa. Alikuwa mweupe na laini kama mhogo uliomenywa. Sikupenda, ila yeye alipenda, na sura ilikuwa yake.

Sasa hapa ndipo ninapojishangaa, maana wazo lilikuwa langu, mtani asisingiziwe. Kwetu mvua zikianza, nyumba mbili tatu hushirikiana plau moja na maksai. Wewe leo, mimi keshokutwa. Hakuna aliyewahi kuona haja ya kila nyumba kuwa na plau yake, kwa sababu plau haichoki, anayechoka ni ng'ombe. Nikamwambia mtani: hiyo programu yako si kama plau tu? Tuilipie pamoja, tuitumie kwa zamu. Yeye Ijumaa mpaka Jumapili, kwa ajili ya harusi za barabarani. Mimi Jumatatu mpaka Alhamisi. Malipo yapitie kwenye simu yake, kwa kuwa ndiye aliyejiandikisha.

Mtani alinipongeza. Alisema kumbe kidato cha pili nilichoishia kina faida.

Nilisahau mambo mawili ambayo hata mtoto wa mkulima anayajua. La kwanza, mvua hunyesha kwa wote siku moja. La pili, jirani akikaa na plau kupita zamu yake unakwenda shambani kwake, unafungua maksai kwa mkono wako, na yeye atapiga kelele tu. Programu haina kamba ya kufungua. Ilikuwa inakubali kompyuta moja tu kwa wakati mmoja. Akiwa ameifungua mwenzako, wewe unaambiwa usubiri.

Basi tukaanza maisha ya kupigiana simu. "Toka." "Natoka." "Hujatoka." "Nimalizie shingo ya huyu mzee." Wateja wangu walizoea kunisikia nikimwomba mtu wa Mkiwa atoke, na sijui walikuwa wanafikiri nini.

Mwezi huo alikuja mama mmoja anayeuza asali stesheni. Ni mkubwa kwangu, nikamwamkia, akakaa, akafungua Biblia. Ndani mlikuwa na picha ndogo ya marehemu mama yake, ya rangi iliyofifia, amevaa kitenge, amesimama mbele ya ukuta wa udongo. Ilikuwa imekunjwa. Mkunjo ulipita kwenye paji la uso ukashuka hadi juu ya jicho la kushoto, na mchwa walikuwa wamekula bega.

"Ndiyo hii tu," akasema. "Alikuwa hapendi kupigwa picha. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunamjengea kaburi. Ndugu wote wanakuja. Nataka awepo pale msalabani, kwenye kigae, aonekane. Wajukuu hawamjui sura. Nikifa na mimi, itakuwa hakuna anayejua."

Nikamwambia atakuwepo. Maneno kama hayo huwa nayasema haraka halafu yananisumbua baadaye.

Kwa haki niseme: ile programu ya kukodi ilimfufua. Niliifanyia kazi siku zangu za zamu, kidogo kidogo, nikarudisha bega, nikafuta mkunjo, paji la uso likawa paji la uso. Ile ya sidii isingeweza. Ila mimi nina ugonjwa wa kutomaliza. Kila nikitaka kuitoa picha niihifadhi kawaida, naona jicho halijakaa sawa, naiacha humo humo tumboni mwa programu, katika lile faili lake ambalo hakuna mwingine awezaye kulifungua. Nikijiambia, kesho.

Fundi wa kuchapa picha kwenye vigae yuko Dodoma. Alisema picha imfikie kwa simu Alhamisi kabla ya saa sita mchana, la sivyo kigae hakitawahi basi la Ijumaa. Nikaona Jumatano inatosha kabisa. Jumatano ilikuwa zamu yangu.

Jumatano mchana nikafungua. Programu ikaniambia kuna kompyuta nyingine inaitumia.

Nikampigia mtani. Hapatikani. Nikampigia tena. Hapatikani. Programu ikanipa njia nyingine: naweza kumtoa huyo mwingine, mradi niandike namba ya siri iliyotumwa kwenye simu ya mwenye akaunti. Mwenye akaunti ndiye huyo huyo asiyepatikana. Nilicheka peke yangu. Ni sawa na kuambiwa ufunguo uko salama kabisa, umo ndani ya nyumba iliyofungwa.

Nikafunga fremu, nikapanda gari mpaka Mkiwa.

Mke wake alikuwa barabarani na kuku wake. Ananiita wifi, kama dada wa mumewe, kwa ajili ya ule utani, nami namwita hivyo hivyo.

"Wifi, karibu! Leo wanene hawa, mshike huyu."

"Mumeo yuko wapi?"

"Kaenda kupiga harusi Rungwa. Kurudi ni Ijumaa huyo. Na kule ujue simu yake inakuwa tochi tu."

"Kompyuta kaenda nayo?"

"Kaiacha. Kaifungia humo."

Tukaenda kuchungulia dirishani. Nilichokiona sitakisahau. Kompyuta ilikuwa wazi juu ya meza, inang'aa, na ndani yake bibi harusi mmoja amekatishwa njiani: shavu la kulia laini kama yai, la kushoto chunusi zake zote zipo. Mtani alikuwa ameiba siku yangu, akafika nusu ya uso, akaitwa kwenye gari, akaondoka.

"Ufunguo?" nikauliza.

"Anao kiunoni. Mimi hata funguo za moyo wake hajanipa, wifi, za fremu atanipa?"

Halafu yeye mwenyewe akapata akili. Kama shida ni kompyuta kuwaka, si tuzime umeme? Swichi kubwa ilikuwa nje ukutani, ya fremu zote za mstari ule. Kabla sijasema ndiyo wala hapana, alishaivuta.

Kinyozi wa fremu ya pili akatoka mbio. "Nani kazima? Nina mtu hapa nimemnyoa nusu!"

Mtu mwenyewe akatoka nyuma yake na shuka shingoni, upande mmoja una nywele, upande mwingine hauna. Akatutazama tu.

"Subirini kidogo," wifi akawaambia, "kuna marehemu humu ndani tunamtoa."

Sikuona pa kuficha uso. Na tukachungulia tena dirishani: kompyuta bado inang'aa. Nilikuwa nimesahau betri. Mtani aliwahi kunitambia betri hiyo, nikadhani ni maneno yake. Nikubali hapa kwamba alisema kweli. Maisha yangu yote nimeulalamikia umeme kwa kukatika, na siku pekee niliyotaka kitu kizimike, betri ya mtani ikaonyesha uaminifu ambao mwenyewe hana.

Tulisimama pale, wifi, kinyozi, na yule mteja wa nusu kichwa, tukimtazama bibi harusi wa nusu uso. Mwisho mteja akasema, kwa upole kabisa, "Mama, huyo marehemu wenu atachelewa. Mimi naomba nimaliziwe." Alikuwa na haki. Wifi akarudisha umeme, akaniuzia kuku, nikapanda gari la kurudi Itigi na kuku wangu miguuni. Sijui kwa nini nilimnunua. Nafikiri nilitaka safari iwe na sababu.

Alhamisi asubuhi yule mama alikuwa mlangoni kabla sijafagia. Nikamweleza yote. Nilieleza vizuri, kwa utaratibu: sidii, zamu, namba ya siri, Rungwa, betri. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa sijaelewa," akasema. "Mama yangu amekwama kwa mtu wa Mkiwa?"

"Hayuko kwa mtu wa Mkiwa, mama. Yuko kwenye programu."

"Na programu iko wapi?"

Kusema kweli sikujua. Mpaka leo sijui. Mtani anasema iko hewani.

"Basi mtengeneze upya kwa hiyo yako ya zamani," akasema, akavuta stuli, akakaa.

Nikaiwasha sidii yangu, yaani ile programu yangu ya kununua. Nikaiskani picha upya. Na hapo niwe mkweli vile vile kwa upande huu, maana nimezoea kuisifia kwa sababu ni yangu. Ilikuwa mateso. Nilirudisha bega likawa kama bega la mtu mwingine. Kila nikifuta kipande cha mkunjo inawaza, inawaza, halafu inaganda yote, nazima, naanza tena. Kila ikiganda mama yule alikuwa anaguna kidogo. Mkunjo ulipungua. Haukuisha. Ulibaki mstari mwembamba, kutoka kwenye paji hadi juu ya jicho.

Muda ukawa umekwisha. "Mstari unaonekana," nikamwambia.

Akasogea akamtazama mama yake. "Macho ndiyo haya. Mdomo ndio huu. Tuma."

Nikatuma.

Jumamosi kaburini watu walikuwa wengi, na kaburi lilikuwa limepakwa chokaa vizuri. Katekista akasali, wimbo ukaimbwa, kitambaa kikaondolewa msalabani. Na mimi nikataka kurudi nyuma. Kule Dodoma, kwenye moto au kwenye rangi, sijui, ule mstari ulikuwa umekolea. Haukuwa tena mstari mwembamba. Ulikuwa alama nzito, ya kahawia, inakata paji la uso kwa mshazari.

Binti mmoja mjukuu akamuuliza mama yake, kwa sauti ya watoto wa mjini wasiojua kunong'ona, "Kumbe bibi alikuwa na kovu?"

Nilikuwa najiandaa kusema. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Lakini mzee mmoja akajikongoja mbele na mkongojo wake, kaka wa marehemu, mjomba wao wote, mrina asali tangu ujana. Akakishika kile kigae. Akalipitisha dole gumba juu ya mstari wangu.

"Hili kovu nililitia mimi," akasema.

Akasimulia. Walikuwa vijana, yeye yuko juu ya mti, dada yake yuko chini ameshika chombo. Mfuniko wa mzinga ukamponyoka. Dada akapigwa hapa, damu ikamwagika, na akamficha baba yao, akasema amejikwaa. "Hakunisema mpaka amekufa," akasema mzee. "Nilidhani watu wamesahau. Nilidhani na mimi nimesahau. Leo ananitazama nalo. Dada, nisamehe."

Alilia, na watu wakalia. Kinamama wakamshika. Mzee mwingine upande wa pili akasema hata yeye alilikumbuka vizuri, lilikuwa linaonekana sana akicheka. Wa tatu akasema lilikuwa linamwasha wakati wa baridi. Ikafika chakula cha mchana, hakukuwa na mtu mzima pale ambaye hakuwa na neno lake juu ya kovu la bibi. Mimi niliyelitengeneza ndiye pekee niliyekuwa sina la kusema. Nilikula wali wangu.

Nimejiuliza sana. Huenda mfuniko ulianguka kweli. Huenda jeraha lilipona bila alama, na mzee amebeba kitu cha kweli miaka yote, mimi nikampa tu mahali pa kukiweka. Sipendi kumcheka. Hao wengine wawili nawacheka.

Mtani alirudi na chupa ya asali ya Rungwa ya kunituliza. "Siku moja tu niliingia kwenye zamu yako, mtani, siku moja! Na mtu anayeacha kazi ya marehemu mpaka siku ya mwisho, tatizo ni mimi?" Nilimtukana yale yote ambayo utani unaruhusu na moja mawili ambayo hauruhusu. Lakini alichosema nimekiandika hapa kwa sababu kina ukweli.

Jumatatu programu ikafunguka. Bibi alikuwemo, hakuguswa, ananingoja, hajala, hajanywa. Nilikuwa nimesahau alivyokuwa mzuri. Paji safi, bega zima. Nikamwita yule mama, nikageuza kompyuta aone, nikamwambia nitamlipa mwenyewe fundi wa Dodoma, tubadilishe kigae.

Alimtazama mama yake muda mrefu.

"Ndiye," akasema. "Ndiye kabisa. Mimi ndiye niliyemwosha siku ya kumzika. Paji lake lilikuwa hivi hivi, halina kitu."

"Basi tubadilishe."

"Tubadilishe vipi? Mjomba kashaomba msamaha mbele ya ukoo. Na ukoo umemsamehe. Sasa unataka nikamwambie nini, arudishe msamaha?"

Nikairudisha mezani simu niliyotaka kumpigia fundi.

"Kigae kibaki. Ila hii nataka kubwa, ya kuweka sebuleni. Nitaitundika ukutani, pale juu ya meza ya chakula." Akagusa paji la mama yake kwenye kioo. "Mjomba huwa anakuja kula kwangu."

Tukatazamana. Nilielewa, na nilitumaini sijaelewa.

"Unaweza kuliweka lile kovu?" akauliza.

Simu yangu ikaanza kulia. Mtani. Najua alichotaka: nitoke kwenye programu, dakika tano tu. Nikaigeuza simu kifudifudi. Nikafungua ile picha ya kigae pembeni, nikapima mahali. Programu hii imetengenezwa na watu wenye akili nyingi ili ifute makovu, haina kitufe cha kuyaweka, ikabidi niizungukie kwa mlango wa nyuma. Lakini kwa haki niseme ilifanya kazi nzuri. Lilitoka kovu la zamani, lenye kingo laini, lililopona vizuri, ambalo sidii yangu isingeliweza kamwe. Kama nilifanya vema sijui.

Yule mama alisogeza uso karibu na kioo, akalikagua.

"Ongeza kidogo hapa juu ya jicho," akasema. "Mfuniko wa mzinga ni mzito."